Mbovu, kuukuu au ya kale? Karatasi ya kuuza saa ya ukutani Gede

MWAKA jana, masika yalipoanza kupiga, shangazi yangu wa Gede alinipigia simu. Hakunisalimu kwa urefu kama ilivyo ada yake. "Mwanangu, njoo uniandikie karatasi. Nataka kuuza saa." Nilidhani anasema saa ya mkononi. "Siyo hiyo," akanikata. "Ile ya ukutani. Ile ya marehemu."

Saa hiyo naijua tangu utotoni. Ina kasha la mbao nyeusi, mlango wa kioo, uso mweupe wenye namba za Kirumi, na chini ya uso huo inaning'inia timazi ya shaba yenye kichwa cha duara kama kisahani cha kahawa. Imesimama kwa zaidi ya miaka kumi. Paa nalo linavuja, na mabati hayanunuliwi kwa kumbukumbu. Dalali mmoja kutoka Malindi alikuwa ameshafika, akaitazama, akaigonga kasha kwa kidole, akasema: "Bi mkubwa, hii ni saa mbovu tu. N'takupa alfu nne kwa sababu ya heshima yako."

Shangazi hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mwanawe mwalimu wa Kiswahili lazima aje kwanza, aandike karatasi ya mauzo. Ndivyo nilivyojikuta nimekaa kwenye mkeka sebuleni, kalamu mkononi, nikiwa nimekwama kwenye mstari wa kwanza: "Mimi, fulani binti fulani, nimemuuzia fulani saa…" Saa gani? Nomino haikunisumbua. Kilichonikwamisha ni kivumishi.

Msomaji na apime mwenyewe. Tukiandika *saa mbovu*, tumetumia kivumishi kilekile tunachokitumia kwa embe lililooza na jino linalotakiwa kung'olewa. Kitu kibovu kimekwisha kazi yake. Anayekichukua anakufanyia hisani. Dalali hakulichagua neno hilo kwa bahati mbaya. *Kuukuu* ni pole kidogo, lakini ni neno la nguo na viatu: kitu kimetumika mpaka kikachoka, japo bado kinavalika. *Chakavu* ni ndugu yake. *Kongwe* lina heshima ya umri, na kwa masikio yangu linamfaa zaidi mtu, mti au mji. Kisha kuna *ya zamani*, ambalo halisemi lolote juu ya thamani, na *ya kale*, ambalo linasema mengi kuliko muuzaji anavyodhani. Na huko Watamu na Malindi, kwenye maduka ya vinyago, utalisikia *antiki*, neno ambalo nimegundua halitamkwi mbele ya anayeuza. Hutamkwa mbele ya anayenunua. Saa ya shangazi ilikuwa mbovu pale Gede. Nina hakika ingefika Watamu, kilomita chache tu kutoka hapo, ikiwa antiki.

Hata neno *saa* lenyewe si jepesi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na kama huko, linabeba wakati na chombo cha kupimia wakati kwa pamoja. "Niliuza saa mbili" yaweza kuwa niliuza vyombo viwili, au nilifanya biashara kwa muda wa saa mbili, au niliuza ilipofika saa mbili. Wanafunzi wangu huifurahia sana sentensi "Niliuza saa mbili saa mbili," na humaliza kipindi wakibishana.

Nilipomwomba shangazi anifungulie kasha ili niorodheshe vilivyomo, tulianza kuyataja majina ya viungo vya saa, na hapo ndipo historia ilipoanza kujitokeza yenyewe. Mishale inayozunguka, yeye aliiita *akrabu*. Neno hili limo kwenye kamusi zetu ingawa vijana hawalijui. Kwa Kiarabu ni nge. Ukiutazama mshale mwembamba wenye ncha, utaelewa kwa nini Waarabu waliuona mkia wa nge pale. *Dakika* na *nukta* ni Kiarabu pia, na *nusu* na *robo* vilevile. Utepe wa chuma uliojikunja ndani, unaosukuma mtambo mzima, unaitwa *kamani*, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako *kamān* ni upinde. Chuma kinachopindwa kikataka kujinyoosha, huo ni upinde kweli. *Parafujo* zinazoshika mtambo kwenye mbao tumeachiwa na Wareno, waliofika Malindi mwaka wa 1498. Na *uso*, *meno* ya magurudumu na *ufunguo* ni vyetu wenyewe. Kitu kimoja ukutani, na ndani yake mna Maskati, Gujarati, Lisbon na Pwani.

Kile kinachobembea, fundi wa Malindi alikiita *pendulamu*. Shangazi alikiita *timazi*, kama ule uzi wenye uzito ambao waashi huutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Mimi nasimama na shangazi. Saa ya aina hii isiponing'inizwa wima, mlio wake huchechemea, na mwishowe husimama. Na kasi yake hutegemea urefu wa timazi wala si uzito: ukiipandisha kidogo kwa nati iliyo chini, saa inakimbia, ukiishusha, inachelewa. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeunda saa ya kwanza ya namna hiyo mwaka wa 1656, na kwa zaidi ya karne mbili na nusu hapakuwa na chombo kilichoishinda kwa usahihi.

Zilifikaje kwetu? Zilikuja na biashara. Sayyid Said wa Unguja alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka wa 1833, na merikebu za Salem zikaleta ile nguo tuliyoiita *merikani* zikiondoka na pembe na sandarusi. Baadaye wafanyabiashara wa Hamburg nao walifungua maduka. Kampuni ya O'Swald ilikuwa Unguja tangu 1849. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye aliolewa na Mjerumani wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete, aliyaeleza makazi ya huko katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886. Anasema kuta zilipambwa kwa vioo vikubwa na saa, na kwamba nyumba moja ingeweza kuwa na saa nyingi za kila namna. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilijiuliza: mtu mmoja anahitaji saa ngapi ili ajue ni saa ngapi? Jibu, nadhani, ni kwamba hazikuwekwa kwa ajili ya wakati peke yake. Zilikuwa mapambo, kama sahani za kauri zilizowekwa kwenye vidaka vya ukutani. Nyumba yenye saa ilijulikana ni nyumba ya watu.

Hapa ndipo tulipofika kwenye swali lililokuwa na pesa ndani yake: hii yetu ina umri gani?

Dalali alirudi siku ya pili akiwa na maneno mapya. Alikuwa na mgeni, alisema, ambaye angetoa hata alfu sitini, mradi karatasi iseme saa ni ya mwaka wa 1880. "Wewe ni mwalimu, utajua kuiandika vizuri." Kutoka alfu nne hadi sitini kwa tarakimu nne za wino! Sitajifanya malaika: nilizihesabu hizo alfu sitini kichwani, nikazigeuza mabati, nikaona paa zima limekwisha na kibaraza juu yake.

Lakini mtu aliyekulia Gede hawezi kukitazama kitu cha zamani bila kutaka ushahidi. Magofu yako dakika chache kutoka kwa shangazi. Tulipelekwa huko na walimu wetu, tukaonyeshwa kaburi lenye maandishi ya mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399, na tukaambiwa jinsi James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka wa 1948, alivyojua umri wa kuta kwa kutazama vipande vya kauri za Kichina vilivyokuwa chini yake. Nyumba zenyewe alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri za pwani, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mkasi wa mtu, aliousahau alipouhama mji, leo ndio jina la nyumba yake katika eneo ambalo UNESCO imeliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Basi nikafanya kama Kirkman, ila bila jembe.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa nyuma ya mtambo: chapa ya herufi G na B pamoja na nanga, na namba ya tarakimu saba. Hiyo ni alama ya Gustav Becker, kiwanda cha mji wa Freiburg huko Silesia, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Świebodzice. Kiwanda hicho kilikuwa kikizipa saa zake namba kwa mfuatano, na saa ya milioni moja ilitoka mwaka wa 1892. Namba ya tarakimu saba, kwa hiyo, haiwezi kuwa ya 1880. Hapo alfu sitini zikaanza kuyeyuka.

Ushahidi wa pili ulikuwa ndani ya kasha, kwenye mbao za nyuma, mahali ambapo mafundi saa wana desturi ya kuacha alama zao. Kwa kalamu ya risasi, kwa hati ya Kiarabu, fundi fulani aliandika maneno mawili na tarakimu nne. Nilimulika kwa simu, nikasoma: *kamani mpya*, 1331. Mwaka huo wa Hijria ulianza Desemba 1912 ukaisha Novemba 1913. Nakiri moyo ulinidunda. Wengi wetu tunapozungumzia Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu tunafikiria tenzi ndefu na barua za masheikh. Hapa palikuwa na fundi tu, mwenye mafuta vidoleni, akijiandikia risiti kwa Kiswahili chake.

Basi saa iliundwa 1892 au baadaye, na ilikuwa hapa Pwani, imeshatumika mpaka ikakata kamani, kufikia 1913. Ushahidi wa tatu ndio uliokata shauri, na wala haukuwa kwenye saa. Ulikuwa kwenye kitenzi.

Nilimuuliza shangazi marehemu alikuwa akisemaje juu ya ujio wake. Akajibu bila kufikiri, kama mtu anayekariri: "Ilinunuliwa kwa rupia, Mbaruku keshakimbia." Alilipokea hivyo kutoka kwa mama mkwe wake, naye kutoka kwa wakubwa zake. Rupia hainisaidii sana, kwani ilitumika hapa mpaka mwaka wa 1920. Lakini Mbaruku ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mmoja wa Wamazrui waliopigana na Waingereza baada ya ugomvi wa urithi wa Takaungu mwaka wa 1895. Alivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani mwezi wa Aprili 1896.

Sasa sikiliza lile *keshakimbia*. Wazee hawakusema "Mbaruku *alipokimbia*", kauli ambayo ingeweka mambo mawili pamoja. Hawakusema "Mbaruku *hajakimbia*". Kiambishi *-sha-*, ambacho ni mabaki ya kitenzi *kwisha*, kinatuambia kwamba tendo la kukimbia lilikuwa limekamilika kabla ya saa kuingia nyumbani. Walimu wa sarufi tumezoea kukifundisha kiambishi hiki kwa mifano ya ubwabwa: "Nishakula." Hapa kilikuwa kinaniambia kwamba saa ilikuja baada ya Aprili 1896. Najua simulizi za mdomo huteleza. Hata hivyo, kauli fupi yenye mdundo, inayorudiwa vilevile kwa vizazi vitatu, haitelezi kirahisi. Majina ndani yake huweza kupotea maana, lakini umbo hubaki. Shangazi mwenyewe hakuwa anajua Mbaruku ni nani.

Tofauti ya mwaka mmoja au miwili ina uzito gani? Ina uzito wa sheria. Sheria yetu ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, ambao ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi kiholela: kukifanyia biashara kunahitaji leseni, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. (Milango ya kuchonga ina masharti yake peke yake, mpaka wake ni mwaka wa 1946. Wenye nyumba za zamani Malindi na Lamu wasidhani mlango wao ni mbao tu.) Tazama pia kwamba kwa kitu kilichotoka ng'ambo sheria haiulizi kimezaliwa lini. Inauliza kimefika lini. Saa iliyoundwa Freiburg mwaka wa 1892 ikafika Malindi 1897 si ya kale kisheria, hata kama ina umri wa kumzidi babu wa babu yako.

Nilimweleza dalali. Ukiandika 1880 na kudai ilikuwa hapa miaka hiyo, umejitia mwenyewe katika biashara ya vitu vya kale bila leseni. Na ukiandika hivyo huku ukijua si kweli, umemwibia mnunuzi. Alicheka. "Mwalimu, nani ataka kuuliza hayo?" Nikamwambia nishauliza mimi. Akaenda zake, na sikumwona tena. Shangazi alinyamaza kimya cha mtu anayesikia mvua ikidondoka ndani ya sufuria. Kimya kile kilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Tulimpelekea fundi wa Malindi aiangalie, tukiwa tumekwisha ing'oa timazi kwanza, maana ukiibeba saa hizi timazi ikiwa imo, hukata kile kipande chembamba cha chuma kinachoishika. Fundi huyo siku hizi anaishi kwa kutengeneza simu. Saa za kamani, alisema, anaziona mara moja kwa mwaka. Alikuta kamani ya upande wa kengele imekatika, na magurudumu yameganda. Kumbe marehemu alikuwa akiitia mafuta ya nazi! Yanateleza vizuri wiki ya kwanza, kisha yanashika vumbi na kuwa gundi. Alikadiria matengenezo kuwa shilingi alfu sita na mia tano, akatusihi tusiipige vanishi wala kung'arisha shaba. Anayeipenda, alisema, ataipenda na uzee wake.

Kuna jambo moja ambalo fundi aliliuliza na likanirudisha mbali. "Hii ilikuwa ikienda saa za wapi?" Marehemu, kila Ijumaa alipoitia ufunguo, aliipanga kwa magharibi: jua likizama, akrabu zote mbili juu, kwenye kumi na mbili. Huku kwetu jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti haizidi nusu saa hivi, kwa hiyo mpango huo ulimtosha. Saa moja asubuhi, akrabu ilionyesha moja na kengele ikagonga mara moja. Hapakuwa na kugeuza kichwani. Nilipofika darasa la tatu, mwalimu wa Kiingereza alichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye saba, akauliza ni saa ngapi. Nikasema saba, nikasahihishwa kwamba kwa Kiswahili ni saa moja. Nikabisha. Nyumbani kwa shangazi saa moja ilikuwa kwenye moja! Nililipwa kwa kiboko kimoja, na mpaka leo nadhani nilikuwa na hoja. Saa zote nilizoziona tangu hapo zinasema Kiingereza, nasi tunazitafsiri mara elfu kwa siku bila kujijua.

Mnunuzi alipatikana mwezi wa Juni kupitia kwa jamaa wa Mombasa: mtu anayeirudisha nyumba ya wazee wake katika Mji wa Kale kama ilivyokuwa. Alitaka saa itakayokaa ukutani hapo, si ya kupelekwa ng'ambo. Tulimwonyesha namba, maandishi ya kalamu ya risasi na kamani iliyokatika. Alitoa alfu kumi na nane. Si sitini. Zilitosha upande wa paa unaovuja zaidi.

Karatasi niliyoiandika hatimaye haina *mbovu*, haina *antiki*, na neno *kale* halimo pia. Inasema hivi: saa ya ukutani ya timazi, kazi ya Gustav Becker, iliyoingia Pwani baada ya mwaka wa 1896 na kutiwa kamani mpya mwaka wa 1331 Hijria, imesimama, yahitaji kutengenezwa. Shangazi alinitaka niisome kwa sauti mara mbili. Mara ya pili akanisimamisha. "Ongeza kwamba ilikuwa yaenda Kiswahili. Asije akadhani imekosea." Nikaongeza.

Alitia sahihi yake taratibu, kisha akainua macho kwenye ule mraba mweupe ukutani, akauliza ni saa ngapi, asije akachelewa kuinjika chai. Nilitazama simu. Ilikuwa ikionyesha 15:45. Nikamwambia, "Saa kumi kasorobo, shangazi."